Sababu Zangu za Gari Lisilonguruma

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimelikalia! Nimeligusa! Nimezungushwa ndani yake!

Mwandiko wa leo unakwenda kombo kwa furaha. Mimi ni mtu mzima. Mwalimu wa udereva, mwenye shule yangu, bango langu na gari langu. Na leo nimelia ndani ya duka la magari mbele ya binti anayeuza. Nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani? Sakafu yao inang'aa mpaka unayaona meno yako.

Nilikuwa nimepita kuuliza tu gari langu la umeme limefika wapi. Niliagiza zamani, mpaka majirani wameanza kuliweka kwenye fungu la hadithi zangu. Binti akasema liko njiani, ila wanalo lingine kama hilo la kujaribia. Je, ningependa kuzungushwa kidogo? Ningependa! Fisi unamwuliza kama angependa mfupa?

Nikaketi. Nikafunga mkanda. Binti akabonyeza kitufe. Nikangoja liwake. Nikangoja tena. Mwishowe nikamwambia kwa upole, maana mimi ni mtaalamu na sikutaka kumwaibisha, kwamba nadhani betri imekufa. Akanijibu kwamba tumeshatoka getini.

Ni kweli! Geti lilikuwa nyuma yetu! Mimi ninayejua gari linaumwa nini kabla halijakata kona, nimeendeshwa bila kujua kwamba naendeshwa. Hakuna mtikisiko. Hakuna moshi. Tukapita chini ya mti wenye ndege, nikawasikia ndege. Nikiwa ndani ya gari! Miaka yote napita barabara ile, sikujua kwamba ina ndege.

Sababu za kuhamia gari la umeme ninazo tele, na kila mtu nampa yake. Mke wangu nimemwambia hatutapanga tena foleni ya mafuta. Mama mkwe nimemwambia ni kwa ajili ya hewa watakayovuta wajukuu. Mtahini wa leseni nimemwambia ni maendeleo ya taaluma. Hapa kwenye shajara, ambako sidanganyi, naandika ya kweli: Profesa hana.

Profesa si profesa. Ana shule ya udereva ng'ambo ya barabara, mkabala na yangu, na hilo jina amejipa mwenyewe. Bango lake ni kubwa kuliko langu. Asubiri tu.

Gari linafika keshokutwa. Binti ameahidi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Leo nimepiga bao.

Kikohozi amekwenda. Kikohozi ni gari langu la kufundishia. Jina alipewa na wanafunzi, na kila aliyewahi kusimama nyuma yake anajua kwa nini. Anakohoa akiwashwa, anakohoa akizimwa, na katikati ananguruma hivi kwamba mwalimu na mwanafunzi hupigiana kelele kama watu walio kwenye kingo mbili za mto.

Nimemwuzia nani? Profesa! Alikuja mwenyewe, akajifanya anapita, akauliza kama ningekubali kuachana naye. Nikajitia kusitasita. Nikakuna kichwa. Nikatazama mbali. Ndani roho ilikuwa inacheza ngoma. Maskini ya Mungu, hajui kwamba amenunua kifua kikuu.

Nafasi sasa ipo. Nimefagia banda. Nimehamisha kamba ya nguo ya mke wangu bila kumwuliza, nitamwuliza akigundua. Nimevuta waya kutoka soketi ya jikoni, ukapita dirishani mpaka bandani, na nimeujaribu kwa pasi. Pasi imepata moto nje ya nyumba! Nimenyoosha shati langu zuri palepale bandani, la kulipokelea gari, majirani wakinitazama kwa wivu.

Mke wangu aliporudi aliuliza swali moja tu: na mtihani wa Mama?

Hili ni jambo zito na naliandika kwa heshima. Mama mkwe ana mtihani wa leseni Jumamosi. Maisha yake yote ya ndoa marehemu baba mkwe ndiye aliyempeleka kila mahali, kwa saa aliyoitaka yeye. Tangu afariki, Mama anangoja. Anangoja mtoto huyu apate nafasi, anangoja mkwe yule aamke. Ana bustani ya miche ya maua kule kilimani, na miche haingoji mtu. Siku moja akasema amechoka kuchukuliwa na kushushwa kama gunia. Akaja kwangu kujifunza, akiwa na miaka sitini na kitu. Amefeli mara mbili, na zote mbili palepale, kwenye mlima: anaachia klachi mapema, Kikohozi anazimika, wanarudi nyuma wote pamoja na mtahini. Mtahini amesema akifeli tena atakaa mwaka mzima kabla ya kujaribu.

Nimemwambia mke wangu atulie. Kesho gari jipya linaingia, tunafanya mazoezi, Jumamosi Mama anapeta. Gari lenyewe karibu linajiendesha! Yeye alikuwa anatafuta kamba ya nguo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Halijafika.

Nimekaa bandani na shati langu la pasi tangu asubuhi mpaka kivuli kikahamia upande wa pili. Nikapiga simu. Binti akasema meli imeshusha, gari liko bandarini salama, limebakiza muhuri wa mtu mmoja ambaye yuko kwenye semina. Atatoka lini kwenye semina? Binti akasema hilo ni swali zuri.

Mama mkwe naye huyoo, amekuja kwa somo lake, viatu vyake vya kuendeshea, vile vya soli nyembamba, vikiwa kwenye mfuko. Ningemwambia nini? Nikajikaza kisabuni. Nikamwambia leo tunafanya somo la ndani, ndiyo mbinu ya kisasa. Nikampa kiti sebuleni. Sinia ndiyo usukani. Mwiko ndani ya buti la mvua ndio gia. Chini nikapanga ndala tatu: klachi, breki, mafuta.

Nikaanza kunguruma kwa mdomo, maana bila mlio Mama hajui lini abadilishe gia. Tuliendesha vizuri tu. Tukafika kwenye mlima. Mama akazima. Nikakohoa, nikawaka tena. Akazima tena. Tuliendelea hivyo mpaka sauti ikanikauka. Mke wangu akapita na beseni la nguo zilizolowa, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Tulipopumzika, Mama akaniuliza, kwa upole wake ule, kama klachi ya gari jipya ni nzito kama ya Kikohozi, maana goti la kushoto linamsumbua. Nikamwambia wala asijali, ni nyepesi kabisa, atadhani haipo.

Kisha nikaziangalia zile ndala tatu. Nikakumbuka miguu ya binti wa duka la magari. Mguu wa kulia ulikuwa unafanya kazi. Mguu wa kushoto ulikuwa umestaafu.

Hakuna klachi.

HAKUNA KLACHI! Hakuna gia! Na mtihani ni wa gia na klachi, na mwanafunzi huja na gari la shule yake. Ndicho kitu cha kwanza ninachowaambia wanafunzi siku wanayojiunga. Kimeandikwa ukutani ofisini kwangu, kwa mkono wangu. Nilipolikalia lile gari akili yangu yote ilikwenda kwa wale ndege wa mtini, haikubaki hata chembe ya kuhesabu pedali. Kweli mganga hajigangi.

Nikaiokota ndala ya kushoto polepole, nikaivaa. Mama akauliza kama somo limekwisha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekwenda kwa mtahini. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheka, hata siku ya harusi yake, wanasema waliokuwepo. Mpango wangu: kumweleza maajabu ya gari la umeme mpaka alainike, kisha nimwombe amruhusu Mama afanyie mtihani kwenye lile la duka. Nilieleza! Nilieleza ukimya, nilieleza kitufe, nilieleza geti. Nilipofika kwenye ndege nikaona jicho lake limelegea kidogo, akaniuliza ni ndege wa aina gani. Nikajua nimempata. Nikapenyeza ombi. Jicho likarudi kuwa jiwe. Akasema mtihani ni gia na klachi, na anashangaa kwamba anayeuliza ni mwalimu.

Nyumbani mke wangu ameshajua. Sikumwambia mimi. Uso wangu ndio uliosema. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Amesema Mama ameacha hata kulala mchana ili akariri alama za barabarani. Amesema tangu Baba afariki hajamwona Mama akilitamani jambo kama hili. Kisha akasema Mama akikosa mtihani kwa sababu ya mambo yangu, mimi na yeye tutakaa chini tuzungumze.

Katika ndoa yetu yote hatujawahi kukaa chini tukazungumza. Huwa tunaongea tu, tukiwa tumesimama. Nimeogopa.

Gari ambalo mguu wa Mama unalijua liko ng'ambo ya barabara, kwa mtu ambaye ningetembea peku juu ya misumari kuliko kumwomba kitu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango wa kwanza: ujanja. Nimevuka barabara na sanduku langu la spana, sura nimeiweka ya msibani. Nikamwambia Profesa kwamba nafsi inanisuta. Kikohozi ana ugonjwa wa siri ambao mimi peke yangu naujua, na kwa uungwana wangu nitamchukua kesho asubuhi, nimtibu, nimrudishe mchana. Profesa akanishukuru sana. Akasema hakuna haja ya kungoja kesho. Akaleta kigoda, akakaa, akaniambia nianze.

Nimelala chini ya gari lisiloumwa asubuhi nzima, nikigonga vyuma. Nalegeza nati, naikaza. Nalegeza nyingine, naikaza. Nilipomaliza nilikuwa na skrubu moja mkononi ambayo sijui ilitoka wapi. Nimeitia mfukoni kimyakimya. Profesa muda wote alikuwa anakula ndizi.

Mpango wa pili: ukweli. Nikatoka chini na oili mpaka masikioni, nikasema yote, klachi na semina na ndala. Nilidhani atacheka mpaka aanguke. Hakucheka. Aliuliza tu kama huyo Mama ni yule anayekuja na viatu kwenye mfuko. Nikasema ndiye. Akasema humwona akivuka barabara, na haiamini hata barabara tupu. Mtu kama huyo anastahili leseni kabla ya wengi wenye nazo. Nikaguswa. Nikafikiri kumbe nimemhukumu mwenzangu bure.

Kisha akatoa masharti. Mama ataingia kwenye mtihani kama mwanafunzi wa Profesa. Mazoezi ya jioni atakaa mbele yeye, mimi kiti cha nyuma, mdomo umefungwa. Na kesho uwanjani nitavaa fulana ya shule yake, ya njano, yenye maneno mgongoni: KWA PROFESA HAKUNA KUFELI. Zilizobaki ni za saizi ya watoto.

Nimelikoroga mwenyewe, nimelinywa. Jioni Mama amefanya mazoezi ya mlima mpaka Kikohozi akachemka. Alizima, akawasha. Alizima, akawasha. Nami nyuma nimekunja magoti mpaka kidevuni, nimenyamaza.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

AMEFAULU!

Naandika nikiwa bado na fulana. Haitoki.

Mama alibadilisha viatu, akajifuta viganja kwa leso, akapanda. Mtahini pembeni yake. Mimi na Profesa tukabaki ukutani pamoja na walimu wa shule nyingine, ambao walikuwa wananisoma mgongo kwa sauti. Kikohozi akawashwa. Akakohoa. Nikaikumbuka ile skrubu. Nikamwomba Mungu isiwe ya breki.

Wakafika mlimani. Wakasimama katikati, kama mtihani unavyotaka. Hapo ndipo penye kaburi lake. Nilifumba macho, kisha nikaona ni woga, nikafumbua moja. Mngurumo ukapanda, ukapanda tena, Kikohozi akatetemeka mwili mzima. Halafu akaenda! Hakurudi nyuma hata unene wa kidole. Akapanda taratibu, kwa heshima zote, moshi ukimfuata, mpaka akapotea kileleni. Nimeona wanafunzi wengi wakiupanda ule mlima. Sijawahi kuona mtu akiupanda namna ile, mama wa watu, mgongo umenyooka, macho mbele. Nilijisahau nikampigia makofi juu ya kichwa, na fulana ikachanika kwapani.

Akashuka. Aliweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anayempima mtoto homa, akakiacha pale kwa muda. Mtahini akatangaza amefaulu. Na nina mashahidi: mtahini alitabasamu. Jino moja tu, lakini tumeliona.

Mama amenishukuru mimi kwanza, kabla ya Profesa. Nimeshindwa kumtazama usoni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimemwita mchora mabango. Vita vya mtihani vimekwisha, vita vya barabara vinaendelea. Nimemwandikisha herufi kubwa: SHULE YA KWANZA YA UDEREVA WA KIMYA. Mchoraji akauliza gari lenyewe liko wapi ili alichore. Nimemwambia achore ukimya. Amechora ndege.

Nafanya mazoezi pia. Mwalimu wa gari la kimya lazima awe mtu wa kimya. Leo nimetembea nyumba nzima na soksi, nikafungua milango kwa ncha za vidole, na nikamshtua mke wangu jikoni hata akaangusha sufuria. Sufuria ilipiga kelele nyingi.

Alasiri nimetoka kulitazama bango langu likikauka. Ng'ambo Profesa naye amebandika lake jipya. Ni picha ya Mama na leseni yake, kubwa kama ukuta, Profesa kando yake kifua mbele. Nyuma yao anaonekana mtu mnene mwenye fulana ya njano, mgongo kwa kamera, kwapa wazi. Wapita njia wanauliza ni nani. Profesa anawaambia ni shabiki.

Jumanne, tarehe 11 Machi

LIMEFIKA.

Sijui nitaandikaje. Nitajaribu.

Hakuna aliyelisikia likiingia mtaani. Tuliliona tu, liko hapa. Fundi cherehani wa kona akaacha kukanyaga mashine yake, kitambaa kikining'inia. Watoto walioanza kulikimbilia wakasimama, hawakujua wapige kelele gani kwa gari lisilopiga kelele. Rangi yake ni ya samawati, anga ya asubuhi mvua ikiwa imekatika. Nikagusa mlango. Wa baridi, laini. Nikauona uso wangu kwenye mlango na kwa mara ya kwanza nikaona ni uso mzuri.

Nimelichomeka kwenye waya. Taa ndogo ya kijani ikaanza kuwaka na kufifia, kuwaka na kufifia, polepole. Linakunywa! Bila harufu, bila tone kumwagika! Tumekaa mimi na mke wangu kwenye kizingiti cha banda tunaitazama ile taa, kama siku tulipomleta mtoto wetu wa kwanza nyumbani. Jokofu imebidi lizimwe ili waya uweze kustahimili, maziwa yamechacha, na hakuna aliyeuliza habari za maziwa. Mke wangu amekiri kwamba ni zuri. Akanishika mkono! Nadhani yale ya kukaa chini tuzungumze yamesamehewa.

Profesa alisimama ng'ambo, mikono kiunoni, akatazama na kutazama. Roho yangu imesuuzika. Nimekula vizuri.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Leo nimepata aibu, na nitaiandika kabla sijabadilisha mawazo.

Mama mkwe alikuja kulitazama gari. Akalizunguka. Akaliinamia. Akauliza kama anaweza kuliendesha kidogo, kwa kuwa sasa ana leseni. Mkwe anakataaje? Nikakaa pembeni yake, mahali pangu pa kazi pa miaka yote.

Mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi. Ukakuta breki. Nikaibusu dashibodi. Akaomba radhi, akaanza upya. Mguu ukatafuta tena. Nikaibusu tena. Na mimi, kwa mazoea, nikanong'ona.

Lazima nieleze hili la kunong'ona. Kazi yetu ina machungu. Mtu anakukanyagia breki katikati ya makutano, anakata kushoto indiketa ikiwa kulia, na wewe unatakiwa useme vizuri, jaribu tena. Walimu wengine huvuta sigara. Mimi hunong'ona. Nasema vizuri, jaribu tena, halafu chini ya mngurumo wa Kikohozi nasema ninachofikiri. Nimewanong'ona wahasibu, nimewanong'ona wauguzi, nimemnong'ona bibi harusi mtarajiwa. Hakuna aliyewahi kusikia. Kumbe Kikohozi ndiye aliyekuwa ananitunzia heshima!

Nilichonong'ona leo ni kwamba huyu mama hata toroli lingemtupa.

Katika ukimya ule, maneno yalitoka safi, kila silabi imeoshwa. Yakakaa katikati yetu.

Mama akawasha indiketa. Akasogea kando, akaegesha sambamba na ukingo, vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha. Mimi natafuta ardhi inimeze. Mama mkwe! Ambaye mbele yake sijawahi hata kupiga chafya kwa nguvu! Nikaanza kuomba msamaha, nikasema Mama, lile toroli nilikuwa na maana kwamba. Nikaishia hapo. Sikuwa na maana nyingine.

Hakukasirika. Aliangalia mbele. Akasema kwamba marehemu, kila alipokuwa anampeleka mahali, midomo yake ilikuwa inatembea. Gari lao lilikuwa na kelele, hakuwahi kusikia kitu. Siku moja alimwuliza anasema nini, marehemu akamjibu ni sala. Basi miaka yote ile Mama alikuwa akikaa pale pembeni, akijua kwamba anaombewa.

Nikasikia saa yangu ya mkononi. Kisha akacheka, kicheko kidogo, akajifuta jicho moja kwa leso. Akaniomba, kwa adabu zake zote, nishuke.

Nikashuka. Akarekebisha kioo, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, akaondoka. Nadhani ule mguu wa kushoto aliukunja chini ya kiti, maana gari halikushtuka hata mara moja. Dirisha lilikuwa wazi na nilimsikia anaimba. Peke yake, kwa sauti ya kawaida, bila kushindana na kitu. Alikata kona na bado nikawa namsikia. Nilisimama kando ya barabara nimepigwa na butwaa, machozi yananitoka. Sijawahi kuona jambo zuri kama lile, na lilikuwa linaondoka na gari langu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mama bado analo.

Jioni analileta kulichaji kwetu, asubuhi analichukua. Nyuma kumejaa miche, na juu ya miche kumejaa mashoga zake. Hanidai radhi. Hajamwambia mtu neno lile. Ananisalimia vizuri mno, na hilo ndilo linaloniua. Nimejaribu kumweleza mke wangu, kwa njia ya kuzunguka, kwamba gari la shule kwa kawaida hukaa shuleni. Akaniuliza kama ningependa tukae chini tuzungumze. Nimesema sina nafasi.

Shule bila gari ni bango tu. Kwa hiyo nimevuka barabara. Profesa amenipa zamu ya asubuhi, nafundisha kwenye Kikohozi, na fulana mpya ya saizi yangu. Lazima nikiri: kunong'ona kumerudi, na usingizi umerudi. Leo nimemnong'ona kijana mmoja kuanzia getini mpaka kwenye mzunguko na kurudi. Alipomaliza akanishukuru kwa subira yangu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Siku kubwa! Siku kubwa kuliko zote!

Asubuhi Mama amepita mbele ya ofisi ya Profesa. Kimya kabisa. Kitambaa cha kichwa kinapepea, maua mekundu yamejaa dirisha la nyuma. Profesa alikuwa ananieleza sheria za kufua fulana. Akakatika katikati ya neno. Akatoka nje. Nilipomfikia alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani.

Akaniuliza kwa sauti ya chini ni sababu gani hasa zinazomfanya mtu ahamie gari la umeme. Sababu! Nikamketisha. Nikampa foleni ya mafuta. Nikampa hewa ya wajukuu. Nikampa taaluma. Kisha nikamwambia jinsi unavyokaa unangoja liwake, kumbe dunia imeshaanza kupita dirishani. Macho yakamlowa, na sikumcheka. Nilikuwa nampenda wakati ule kama ndugu.

Kufika mchana tulikuwa dukani kwa binti, bega kwa bega. Tumeunganisha shule, tumeagiza magari mawili. Binti amesema safari hii hayatachelewa, maana yule wa muhuri amemaliza semina. Nimemshauri Profesa, kwa uzoefu nilio nao, asikae na gari la zamani linalobana nafasi. Mteja akitokea, amwachie. Mteja ametokea. Anamchukua Kikohozi kesho.

Mke wangu ameuliza wanafunzi wa Jumamosi watafanyia mtihani gari gani. Maswali mengine, jamani! Nimemwambia atulie. Kosa la mara ya kwanza nimelitafakari kwa kina na nimeligundua. Lilikuwa rangi. Ukileta samawati nyumbani, mama mkwe yeyote lazima aipende. Haya mawili tumeagiza meusi.